Majibu ya Jioni

Gerson Kasanda alikuwa muuza spea za baiskeli pale Isevya, mjini Tabora, Mnyamwezi wa Igalula kwa baba na mama. Hakuwa bubu wala hakuwa na kigugumizi. Shida yake ni kwamba jibu lilimfikia limechelewa. Ukimtania asubuhi, jibu linamjia jioni, amenawa mikono na ugali uko mezani, na wewe uliyemtania umeshakwenda zako na ushindi wako. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa amani popote pale, isipokuwa mahali alipopangiwa na bahati yake: ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na baraza ya Mabruki.

Mabruki alikuwa fundi cherehani, Mzaramo wa Kisarawe, aliyefika Tabora akiwa kijana, akamwoa Saleha, na hakuondoka tena. Sasa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani huo haukuanza juzi. Ulianza enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipoteremka pwani na mizigo yao begani, wakapita kwa Wazaramo na njaa zao na nyimbo zao. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Atakutukana na huwezi kukasirika. Atachukua kitu chako mchana kweupe na huwezi kumshitaki. Na siku ya msiba, yeye ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, kulizuia jeneza mpaka atulizwe na chochote. Msiba wa Mzaramo usio na mtani ni msiba uliopooza, na wenyewe wanasema aliyezikwa hivyo kazikwa kama mpita njia.

Basi kila asubuhi, Gerson akifungua mlango wa duka, Mabruki alikuwa tayari ameshakaa kwenye cherehani, futi kamba shingoni, pini mdomoni, na huko huko katikati ya pini maneno yanatoka.

"Gerson! Hiyo shingo yako mbona imezidi kuingia ndani? Mizigo ya babu zako bado inakuelemea?"

Watu wanacheka. Gerson anatabasamu, anatoa tairi nje, anapanga minyororo kwenye misumari yake, na kichwani hamna kitu. Ikifika mchana, wateja wakipungua, anavuta kaunta buku lake kutoka chini ya meza na kumchora Mabruki kwa penseli. Alimchora vizuri. Mkono wake ulijua mgongo wa Mabruki ulivyopinda, na goti lililokuwa likipanda na kushuka, na lile sikio la kushoto lililokaa nje kidogo kuliko la kulia. Pembeni ya picha aliacha nafasi tupu, ya ukubwa wa kiganja. Jioni, jibu likishafika, anachukua kalamu ya wino na kulijaza pale. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na hakuwahi kuivunja: mchana picha, jioni maneno.

Pembeni ya picha ya siku ile ya shingo aliandika: "Shingo yetu ilifupika kwa sababu juu ya mzigo alikaa babu yako, anapiga ngoma na kuuliza pilau itaiva lini."

Jibu zuri, ila hakuna aliyelisikia. Mabruki alijua kwamba jirani yake anamchora, maana kutoka barazani aliona kichwa kikiinuka na kuinama. Mara kwa mara alivuka barabara na kunyoosha mkono.

"Mtani, lete niione sura yangu."

"Kesho," Gerson alimwambia.

Na hapo, tuwe wakweli, Mabruki hakuwa na la kudai, kwa sababu neno hilo lilikuwa lake. Hapakuwa na mtu Isevya nzima aliyewahi kupata nguo kwake siku aliyoahidiwa. Mabibi harusi walikwenda kanisani na pini kwenye pindo. Mzee Humaidi, mwenye nyumba, alisali Idi mbili kwa kanzu ya zamani huku kitambaa cha kanzu mpya kimekunjwa kwenye rafu ya Mabruki. Gerson mwenyewe alikuwa amempa kitambaa cha suruali, kijivu, kizuri, na kila alipoulizia aliambiwa kesho. Kwa hiyo wakabaki hivyo, huyu anadai suruali, yule anadai picha, na kesho yao haifiki.

Ukweli ni kwamba Gerson aliona aibu. Kanisani, pale kwa Wamoraviani, yeye ndiye aliyesoma somo la Jumapili, na alisoma bila kukwama popote, sauti imenyooka, mpaka mke wake Advera alikuwa akimuuliza njiani ni nani huyo aliyekuwa mimbarini na amemwacha wapi. Maneno yakiwa yameandikwa, ulimi wake haukuwa na tatizo lolote. Lakini kumsomea Mabruki majibu ya wiki iliyopita, na Mabruki papo hapo amrudishie mengine mapya? Alijua angeshindwa mara mbili. Aliamua kungoja mpaka buku lijae, amkabidhi lote kwa mara moja, aondoke mbio.

Kisha ikaja Jumanne moja, asubuhi ya kawaida kabisa. Mabruki alikuwa anatia mafuta kwenye cherehani. Alimwona Gerson anafungua kufuli, akazitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Wewe Mnyamwezi, leo nimegundua ugonjwa wako. Babu zako walibeba mizigo ya watu wote mpaka pwani. Pembe walibeba, nta walibeba, mpaka kitanda cha bwana walibeba. Wakarudi. Wamefika hapa Unyanyembe, wanahesabu vitu, kumbe maneno yao wameyasahau kule kwetu. Ndiyo tunayoyatumia mpaka leo!"

Barabara nzima ilicheka. Mzee Humaidi alicheka mpaka akashika nguzo. Gerson naye alicheka, kwa kuwa lilikuwa kali kweli, na mchana akachora: Mabruki na kopo la mafuta, pini kiganjani, mdomo wazi. Akaacha nafasi yake pembeni. Jioni alikaa na kalamu mpaka ugali ukapoa na Advera akaondoa vyombo, na jibu halikuja. Akafunga buku. Alijiambia ataandika kesho.

Usiku huo huo presha ikampanda Mabruki. Alfajiri Gerson alisikia kilio cha Saleha hata kabla hajafika dukani, akajua ni nyumba ipi, na kwamba Mabruki hayupo tena.

Maziko yakapangwa baada ya sala ya alasiri ili kumpa nafasi dada wa marehemu, Bi Asmahani, aliyekuwa anaishi kwa mwanawe Dodoma, afike na basi la asubuhi. Turubai likafungwa toka baraza ya Mabruki mpaka mlango wa duka la Gerson. Wanaume walikaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani. Kahawa ikaja. Kila mtu aliongea kwa sauti ya chini, na kila mtu alihisi kuna kitu kinapungua, ingawa hakuna aliyekitaja.

Bi Asmahani ndiye aliyekitaja. Alifika mchana, mwanamke mrefu aliyekwisha kuota mvi, sikio la kushoto limekaa nje kidogo kama la kaka yake. Aliingia ndani, akamwona ndugu yake, akalia kilio chake akakimaliza. Kisha akatoka akasimama mlangoni, akatazama kundi zima la wanaume waliokaa kimya na vikombe vyao.

"Huu ni msiba gani?" akauliza. "Ndugu yangu ameishi kwa Wanyamwezi umri wake wote, na hakuna hata mtani mmoja wa kumtania?"

Watu wakatazamana. Isevya ina Wanyamwezi wengi, ila mtani wa mtu hajulikani kwa kabila peke yake. Ni yule mliyeshindana naye. Macho yote yakamwendea Gerson.

"Shikamoo, dada," Gerson akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Basi unangoja nini? Simama umwigize. Unataka azikwe kama mtu aliyeshushwa kwenye treni?"

Gerson alisimama. Aliyekuwa karibu alichukua futi kamba kwenye msumari wa barazani akamvisha shingoni. Gerson akaketi kwenye kiti cha cherehani kilichokuwa kimewekwa pembeni, akaweka mguu kwenye pedali, akafungua mdomo. Watu wakamsogelea, wameshaanza kutabasamu ili kumsaidia. Alitaka aseme "kesho" tu, kwa ile sauti ya Mabruki. Neno moja. Badala yake ilitoka kwikwi, kisha nyingine, na Gerson Kasanda, mtani wa marehemu, akainamia cherehani mbele ya watu wote na kulia kwa sauti.

Kama hujui mila hii utaona ni jambo la huzuni tu. Kwa wanaoijua ilikuwa fedheha. Mtani halii. Ndugu analia, mke analia, jirani analia. Mtani ndiye aliyeachiwa kicheko akitunze. Mzee Humaidi alitazama chini. Kutoka ndani, wanawake walipoelewa kwamba anayelia ni Mnyamwezi, waliongeza kilio chao, maana sasa hakukuwa na wa kuwazuia.

"Jamani," Bi Asmahani alisema taratibu, zaidi kwa uchovu kuliko kwa hasira. "Mwacheni. Ndugu yangu ataondoka hivi hivi."

Hivi hivi. Maneno hayo yalimchoma Gerson. Alijua maana yake: huko Kisarawe watauliza, na Bi Asmahani atajibu kwamba Mabruki alizikwa Tabora kimya, hakuwa na mtu. Na Mabruki alikuwa na mtu. Alikuwa na mtu aliyemtazama kila siku kwa makini kuliko watu wengi wanavyotazamwa na wake zao. Gerson aliinuka, akajifuta kamasi kwa futi kamba, jambo ambalo Mabruki asingelisamehe, akaingia dukani kwake. Akatoka na kaunta buku.

Alirudi kusimama mbele ya mlango wa marehemu, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaligeuzia watu kama wanavyofanya walimu wa chekechea, akawazungusha wote waone: Mabruki, pini zimejaa mdomoni, kidole hewani. Kisha akaligeuza upande wake, na kwa sauti ile ya Jumapili, sauti iliyonyooka ambayo Isevya haikuwahi kuisikia siku ya kazi, akasoma:

"Huyu ana pini tele mdomoni na bado anatukana watu. Zikiisha pini, serikali ijiandae."

Mtu wa nyuma akapaliwa na kahawa.

Gerson akafunua ukurasa. Alionesha Mabruki wa siku ile ya shingo, akasoma la babu na ngoma yake juu ya mzigo. Alionesha kalenda ya ukutani ya fundi, ambayo siku zake zote, Jumatatu hadi Jumapili, zimeandikwa Kesho, na chini yake: "Mabruki alizaliwa lini? Mama yake aliambiwa kesho." Hapo Bi Asmahani mwenyewe alijishika mbavu, akasema ndivyo, mtoto yule alichelewa mpaka mkunga akaenda zake nyumbani. Alionesha Mzee Humaidi akiwa ameshikilia kitambaa chake cha kanzu kiunoni kama taulo, siku ya Idi. Mzee Humaidi aliomba alisogeze karibu alione vizuri, akalitazama sana, akasema pua si yake, na watu wote wakashuhudia kwamba pua ni yake.

Sasa kicheko kilikuwa kimeingia ndani. Wanawake wakaanza kuita kwamba nao wanataka kuona, asisome mbio, na Saleha mjane, amejifunika kanga mpaka machoni, akasogezwa na mkeka wake karibu na mlango.

Gerson akafika kwenye ukurasa uliokuwa na mguu peke yake. Mguu wa Mabruki juu ya pedali, ndala imelika upande wa kidole gumba. Alisita, kisha akasoma hivyo hivyo kama ulivyoandikwa: "Mguu huu hausemi. Kutwa nzima unakanyaga, nyumba inakula, watoto wamesoma. Ningekuwa na akili ningefanya urafiki na mguu, nikaachana na mdomo." Saleha alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na akaendelea kufanya yote mawili bila mtu kumnyamazisha.

Walisoma mpaka adhana ya alasiri ikasikika. Ukurasa wa mwisho Gerson aliuonesha lakini hakuugeuza. Mabruki na kopo la mafuta, pini kiganjani, mdomo wazi, na pembeni nafasi nyeupe.

"Soma," Bi Asmahani akasema.

"Haina maneno, dada. Hili la jana sikumjibu."

"Alikwambia nini?"

Gerson akamwambia, la pembe, na kitanda cha bwana, na maneno yaliyosahauliwa pwani. Alilieleza vibaya, alikwama katikati, ila watu walilikumbuka wakamsaidia.

"Basi mjibu," Bi Asmahani akasema. "Bado hajatoka."

Watu wakaenda kusali wakarudi. Jeneza likaletwa mlangoni, na Gerson alikuwa amesimama pale pale, katikati ya njia, kaunta buku limefungwa kwapani. Wabebaji wakasimama. Hakuna aliyemwambia apishe, kwa kuwa hiyo ndiyo haki ya mtani. Alitazama jeneza. Halikuwa na kitu cha kusomwa. Wale waliomfahamu wakaanza kuhesabu muda uliobaki mpaka jioni.

"Mabruki," akasema. "Umeniambia mengi nami nimekuwekea majibu. Hili moja nakwambia bila kuandika. Leo katika nyumba yako nimeona nguo imekatwa asubuhi, na adhuhuri imevaliwa."

Akalihamishia buku kwapa la pili.

"Kumbe siku zote ulikuwa unaweza."

Ilichukua muda mfupi kwa watu kuelewa kwamba anaisema sanda. Kisha Bi Asmahani akapiga yowe la kicheko na kuegemea mlango, Mzee Humaidi akavua miwani, na msiba mzima ukacheka, ndani na nje, wakacheka wale waliodai kanzu na waliodai magauni. Gerson hakucheka. Alisubiri watulie, akampa Bi Asmahani buku amshikie, akaenda mbele na kuliingiza bega lake chini ya jeneza.

"Hii kazi ni yetu," akawaambia wenzake. "Twendeni."

Bi Asmahani alikaa mpaka hitima ikasomwa. Asubuhi ya safari Gerson alimsindikiza stendi, akampandishia begi, akampa chupa ya asali ya nyumbani kwao Igalula. Basi lilikuwa linaunguruma alipoona, chini ya kanga yake, lile jalada jeusi na jekundu.

"Dada, hilo buku langu."

"Nimeliteka," Bi Asmahani alisema dirishani, bila wasiwasi wowote. "Kisarawe wataulizia msiba, niwaonyeshe nini, mikono mitupu? Kasirika kama unaweza."

Hakuweza. Mtani hawezi. Ndani ya buku lile kulikuwa na Mabruki wote aliokuwa nao, na hakuwa na nakala hata ya mmoja.

"Utanirudishia lini?"

Bi Asmahani aliinua kidole hewani. "Kesho," akasema, na ilikuwa sauti yenyewe.

"Basi njoo nalo pamoja na suruali yangu," Gerson akamjibu.

Neno lilitoka papo hapo, kabla hajajua kwamba liko njiani. Bi Asmahani akafungua mdomo, akatafuta, akakosa. Alikuwa bado anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga basi lilipogeuka kuelekea barabara ya Dodoma.

Gerson alirudi Isevya kwa haraka, karibu mbio. Alikuwa na kitu cha kusema na hakutaka kipoe. Alilipita duka lake, akavuka barabara, mguu wake mmoja ukapanda kwenye baraza ili amwambie Mabruki kwamba leo amemjibu mtu hapo hapo, tena Mzaramo, tena dada yake, na amemnyamazisha. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mlango umefungwa.

Alisimama pale na mguu wake juu ya baraza. Halafu akaushusha, akarudi ng'ambo, akafungua duka, akatoa tairi nje na kupanga minyororo. Mchana, wateja walipopungua, alitoa kaunta buku jipya, akachora cherehani na shuka lake, na kiti kitupu, na msumari wa futi kamba. Pembeni akaacha nafasi ya maneno, ya ukubwa wa kiganja, mpaka jioni.